Kitunga Hakirudi Kitupu

Mgongo wangu ulistaafu mwaka mzima kabla yangu. Mimi niliendelea kwenda kazini kwa sababu hakuna aliyenikataza, hadi siku niliyoinama kuokota bulo, yaani bolti, na nikabaki nimeinama, nikiwasalimu wenzangu kwa kutazama viatu vyao. Sasa niko nyumbani, hapa Kasongo, na vijana wa atelie, karakana yetu, wameniomba niwaandikie niliyojifunza katika kazi ya kupanga na kuongoza uungaji wa mashine. Walitarajia ukurasa mmoja. Miaka yote hiyo wamefanya kazi na mimi na bado hawanijui.

Kuhusu vyeo na mishahara sitasema lolote. Mambo mafupi hayahitaji kuandikwa.

Nilifika atelie nikitoka chuo kikuu, Lubumbashi, nikiwa na shahada ya uhandisi, shati jeupe na kazi yangu ya kumaliza masomo, kurasa mia moja na kumi. Ilihusu namna ya kuunga mashine mahali ambapo oda hubadilika kila mara: badala ya mstari mmoja wa kazi uliofungwa sakafuni, unakuwa na vituo vidogo vinavyohamishika, vinavyoungana na kuachana kadiri kazi inavyotaka. Profesa aliisifu sana. Nadhani aliisoma hadi kwenye jina langu.

Atelie yenyewe ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya soko, lenye jenereta moja na mwenye mali mmoja, ambaye sote tulimwita Patron. Tuliunga chochote kilicholetwa vipande vipande. Jumatatu pikipiki za wafanyabiashara wa dhahabu wa Salamabila, watu wanaotaka kila kitu jana. Jumatano mashine za kukoboa mpunga. Ijumaa vitanda vya chuma vya zahanati, halafu pikipiki tena, kwa sababu mtu wa dhahabu amebadili mawazo. Makasha yalikuja kwa upande wa Bukavu au wa Kalemie, kutegemea barabara ipi haijafa wiki hiyo.

Siku ya kwanza nilimtafuta shefu wa atelie, Musafiri, mtu mfupi mwenye kalamu ya risasi sikioni ambayo sikuwahi kuiona ikiandika. Nikamkunjulia mchoro wangu juu ya kasha. Nikamweleza kwa saa nzima kwamba vituo vya kazi visifungwe, viwe na uwezo wa kusogea, na kila kimoja kiweze kuungana na chochote. Alisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, aliisukuma meza iliyokuwa karibu kwa ncha ya kiatu. Ikateleza hadi ukutani. Meza zote sita zilikuwa na magurudumu ya mikokoteni ya zamani, na kila moja ilikuwa na matundu mawili ubavuni, kwa kipimo kilekile, ili pini moja iweze kuifunga na jirani yeyote.

"Kama hivi, Enjenyeri?"

"Kama hivi," nikasema.

"Basi karatasi yako iko muzuri. Inaonesha vile tunafanya."

Meza zake zilikuwa na namba, kutoka mbili hadi saba. Nilimuuliza ya kwanza iko wapi, nikitumaini kugundua kosa. Akanyoosha kidole kwenye meza yangu ya kuandikia, iliyowekwa pembeni asubuhi ile ile.

"Ile njo meza ya kwanza. Kazi yote inaanza pale. Na kuchelewa pia."

Chombo kilichonifundisha zaidi kilikuwa kle ya kumi na saba, spana ya kufungia bulo. Atelie ilikuwa nazo mbili, na karibu kila kazi iliihitaji. Chuoni nilifundishwa kutafuta kituo kinachokwamisha vingine kwa hesabu za kurasa nne. Musafiri aliniambia nitazame tu pale watu wanaposimama wakingojea kle. Kanuni yake nyingine ilikuwa kwamba mashine isipande mezani kabla vipande vyake vyote havijatimia. "Mashine nusu," alisema, "iko kama mugeni wa kulala. Inakamata nafasi, na haisaidie kazi." Niliiandika kanuni hiyo katika daftari langu kwa maneno marefu zaidi, ili ifanane na yangu.

Jambo moja tu liliniudhi, na hapo nikaona nafasi ya kuwa na faida. Fundi akiishiwa na vipande, alipiga kelele kuelekea depo, stoo yetu: "Mama Zaina, mikanda!" Jenereta ilimeza nusu ya maneno, na Mama Zaina, mwenye depo, alileta alichosikia. Mama huyu alitoka Kabambare. Alifunga funguo zake katika ncha ya kitambaa cha kichwa, na aliheshimu kila amri iliyoandikwa, hata yenye kosa. Hasa yenye kosa. Mimi nilikuwa nimeandika amri moja tayari: hakuna kitu kitakachotoka depo bila karatasi yenye sahihi yangu. Nilijivunia amri hiyo. Iliniwezesha kutia sahihi mara nyingi kwa siku.

Ndipo ikaja oda ya Kabambare. Mama Feza, kiongozi wa chama cha wanawake wakulima, alikuja nyuma ya pikipiki, siku mbili njiani, matope hadi magotini. Walitaka mashine kumi na mbili za kukoboa, moja kwa kila kijiji cha chama.

"Mpunga iko mu nyumba," alisema. "Tunatwanga mpaka mikono inakufa, na panya haitwange, inakula tu. Mvua ikianza, njia inafungwa mpaka msimu ingine. Enjenyeri, uniambie siku moja. Siyo tatu."

Nikampa siku moja. Ijumaa ya nne. Niliitamka kama mtu aliyekwisha kuiona.

Patron alisikia. Alipomsindikiza mgeni, alirudi akasimama katikati ya banda. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema tumechelewesha mara tatu mwaka ule, na kwamba zile kumi na mbili zisipofika Kabambare kabla njia haijafungwa, atafunga atelie na kuuza pikipiki ndani ya makasha yake.

"Mutu anunue kasha, aunge mwenyewe kwake," alisema. "Watoto wake watamusaidia."

Tulikuwa watu kumi na mmoja chini ya bati lile. Musafiri aliangalia meza zake. Mimi niliangalia kurasa zangu mia moja na kumi, na kwa bahati mbaya nikapata wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na bado nalitetea. Kila meza ipewe vitunga viwili, kila kimoja na vipande vidogo vya kazi ya siku moja. Fundi anatumia cha kwanza. Kikiisha, anakipeleka kitupu depo na kuendelea na cha pili. Mama Zaina akiona kitunga kitupu, anakijaza na kukirudisha. Hakuna kelele wala barua. Kitunga kitupu ndicho amri. Nilinunua vitunga kumi na viwili kutoka Nyangwe, vizuri, vya kusukwa kwa mkono, nikavitia namba kwa rangi nyekundu.

Siku ya kwanza kila meza ilikuwa na vitunga viwili vilivyojaa, kwa hiyo mfumo ulifanya kazi vizuri sana. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikaanza kuisikia jenereta kwa uzuri usio wa kawaida. Ukiisikia jenereta vizuri, ujue hakuna anayegonga chuma. Mafundi walikuwa wamekaa kila mmoja mezani kwake, mikono magotini, wakingojea vipande kwa adabu.

Nilikimbia depo. Vitunga vilikuwa vimepangwa ukutani, namba kwa namba, na Mama Zaina amekaa mbele yake kama mlinzi wa benki.

"Mama, vitunga hivi vinafanya nini hapa?"

"Vinangojea."

"Vinangojea nini?"

"Kuwa vitupu. Ulisema kitunga kikikuja kitupu, nijaze. Sasa angalia. Hiki kiko na karanga. Hiki kiko na muhogo. Hiki kiko na ndimu mbili. Nitie bulo juu ya muhogo?"

"Ungetoa muhogo, mama."

Alinyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi yangu. "Kitu ikiingia mu depo haitoke bila sahihi. Nimengojea sahihi ya muhogo siku mbili."

Niliisoma. Mwandiko ulikuwa wangu, na mzuri.

Nilimwendea Musafiri nikiwa na hasira ya mtu aliyesoma. Nilimuuliza ni nani aliyeweka chakula katika vyombo vya kazi. Alinitazama kama nimeuliza ni nani aliyenawa mikono kabla ya kula.

"Wote. Mutu anakupatia kitunga kimejaa, weye unamurudishia kitupu? Kwetu hata jirani mwenye mumegombana naye, unamuwekea chumvi."

"Hii ni depo, Musafiri. Si jirani."

"Depo iko na Mama Zaina ndani."

Mimi nami ni mtoto wa Kasongo. Mama yangu alinituma mara mia kurudisha kitunga kwa jirani, na hakuna hata mara moja nilipokwenda na kitunga kitupu. Palikuwa na viazi viwili, yai, konzi ya chumvi. Kitunga kitupu maana yake ni kwamba tumemalizana, au nyumbani kwetu kuna msiba. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Chuo kilihitaji miaka mitano kunisahaulisha, na kilifaulu.

Mtu mwenye busara angesimama hapo akafikiri. Mimi nikaandika tangazo: NI MARUFUKU KUWEKA KITU CHOCHOTE KATIKA KITUNGA. Nikalibandika mlangoni.

Waliliheshimu kabisa. Kesho yake hakuna aliyeweka kitu katika kitunga, na hakuna kitunga kilichokwenda depo. Vilijificha chini ya meza. Fundi wa meza ya tano, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa akienda na kurudi akibeba bulo viganjani, nne nne.

"Kwa nini hupeleki kitunga, papa?"

"Enjenyeri, siwezi kusimama mbele ya mama na kitunga kitupu, kama mutu amekuja kuomba."

Saa ile ile Patron akaingia. Alihesabu mashine zilizokamilika. Tatu. Akaniuliza nilikuwa nimepanga ngapi. Sita. Kisha akasoma tangazo langu, polepole, mara mbili.

"Kwa hiyo," akasema, "watu wanachelewa juu ya heshima."

Akatoka. Lilikuwa swali, au hukumu, sikujua. Nilijua tu kwamba watu kumi na mmoja walikuwa wakielekea kufungiwa mlango kwa sababu ya tangazo lenye herufi kubwa.

Mchana ule nilimkuta Musafiri amekaa juu ya kasha mlangoni pa depo, anazungumza na Mama Zaina. Hawakuwa wameniita. Nilisimama karibu, kama mtu anayetafuta bulo.

"Waache waweke," alikuwa akisema Mama Zaina. "Lakini waweke ile inasema. Mutu akitia karanga, najua haina haraka, kesho inatosha. Akitia ndimu, ni leo. Akitia pilipili, meza imesimama, nakimbia."

"Na hesabu njo namba ya meza," akasema Musafiri. "Karanga tatu, meza ya tatu. Hata rangi ya Enjenyeri ikifutika, tutajua."

Rangi ilikuwa imeanza kufutika, ni kweli. Nikaona ni wajibu wangu kutafuta kosa. "Na mtu akiula ujumbe njiani?"

"Karanga, labda," akasema Musafiri. "Pilipili tano, hapana."

Nilikaa chini. Ujumbe wa haraka zaidi ndio mgumu zaidi kuliwa. Katika kurasa zangu zote sikuwa na kitu kilicholindwa vizuri namna hiyo.

"Na pilipili moja?" nikauliza. "Yaani meza ya kwanza ikisimama?"

Walitazamana. "Ile meza haiwezi kusimama," akasema Musafiri. "Haijatembea."

Niliwaacha wacheke, nikabandua tangazo mlangoni, kisha nikabandua amri ya sahihi ukutani. Mama Zaina alinizuia. Karatasi ile ilikuwa kitu cha depo. Nikaitia sahihi, ndipo akairuhusu itoke.

Baadaye nilichora jedwali safi la karanga, ndimu na pilipili, lenye mistari iliyonyooka. Hakuna aliyelihitaji, lakini walilibandika ili nisijisikie vibaya. Kuanzia siku ile vitunga vilianza kutembea, na sikuisikia jenereta vizuri tena. Ilipotokea pilipili sita kutoka meza ya sita, Mama Zaina alikimbia kweli, funguo zikimlilia kichwani. Musafiri alichomoa pini, akaisogeza meza ya nne kando ya sita ili wagawane kle. Jioni ile ile akairudisha. Mimi niliandika katika daftari: "Nimehamisha meza ya nne."

Mashine ya kumi na mbili ilifungwa bulo la mwisho Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa yangu. Mvua ilikuwa imeanza Jumanne. Alhamisi asubuhi dereva wa lori akaja kutuambia kwamba daraja la magogo kwenye njia ya Kabambare limekwenda na maji, na lori haliendi popote.

Patron alikuja na kufuli mkononi. Kufuli jipya, bado na karatasi yake. Hakufurahi, nataka hilo lijulikane. Alisema kazi ni nzuri, ila iko Kasongo, na mpunga uko Kabambare.

"Lori njo imefungiwa njia," akasema Musafiri. "Pikipiki haikufungiwa."

"Mashine mzima juu ya pikipiki?"

"Nani alisema mzima?"

Kila mashine tuliyoiunga ilifunguka vipande sita kwa kle moja, ile ya kumi na saba, kwa sababu Musafiri alikuwa amekataa tangu zamani kuchomea chochote kinachoweza kufungwa kwa bulo. Kutwa nzima tulifungua kazi ya wiki nne. Fundi wa meza ya tano alikuwa akitikisa kichwa kila bulo lilipotoka, lakini alilitoa. Vizito vilifungwa nyuma ya pikipiki za kukodi, vidogo vikaingia katika vitunga, kitunga kimoja kwa mashine moja. Tuliondoa magurudumu ya meza tatu, nazo zikapanda pamoja nayo, tuyarudishe tukifika. Mimi nilikaa nyuma ya dereva wa pikipiki moja, mguu wa meza ya saba ukiwa umeniegemea uti wa mgongo, hadi Kabambare. Nadhani siku ile ndipo mgongo ulipoanza kupanga kustaafu. Palipokuwa na daraja, watu walizibeba pikipiki mabegani na kuzivusha. Walinivusha mimi pia, na sikupinga.

Tuliunga katika uwanja wa ghala la chama. Mvua ikija, tulizisukuma meza barazani na kuzifunga pini kwa mpangilio mwingine, ikiondoka, tulizirudisha. Nilikuwa na kurasa sita katika kazi yangu kuhusu kupangika upya kwa vituo kufuatana na mazingira. Mazingira hayakuwahi kuwa na matope. Mama Feza alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akatutazama siku tatu. Mashine ya kwanza ilipotoa mchele, alichukua punje chache, akazivunja kwa meno.

"Inakata kidogo," akasema.

Musafiri akalegeza roli ya kukobolea nusu mzunguko. Mama Feza akaonja tena. Alivichukua vitunga vyetu kumi na viwili, vilivyokuwa vimebaki vitupu baada ya kumaliza kazi yao, akaingia navyo ghalani.

Mnaweza kukisia. Sisi tulirudi Kasongo na vitunga kumi na viwili vya mchele mweupe, kila kimoja kimefunikwa jani la mgomba, na njia nzima tulivikinga na mvua kuliko tulivyojikinga wenyewe. Patron alikuwa mlangoni pa atelie, na kufuli lilikuwa bado mkononi. Mama Zaina alikuja kupokea. Alivipanga chini, namba kwa namba, akafunua kimoja.

"Enjenyeri, mchele haiko mu jedwali yako. Inasema nini?"

Nilifungua kinywa, kama kawaida. Patron alinitangulia. Alichota mchele, akauangalia kwenye kiganja, punje nzima nzima, akahesabu vitunga kwa macho.

"Inasema ni kumi na mbili," akasema. Akatundika kufuli kwenye msumari wa mlangoni, akaenda zake.

Kufuli lile bado lipo pale. Tunalining'iniza kwenye mkanda mpya tukitaka kupima kama umekazwa vya kutosha. Uzito wake unafaa kabisa.

Mengine yaliyofuata mnayajua, ninyi mliokuja baadaye. Mmeleta simu inayopanga kazi kwa rangi, na ni nzuri kweli ikiwa na moto wa umeme. Musafiri hayupo tena. Meza zake zipo, na matundu yake bado yana kipimo kilekile, kwa hiyo tafadhali asitokee mwenye shahada wa kuyaboresha. Anzeni hesabu kutoka kwa yule anayengoja kle. Msipandishe mashine nusu. Na mkiona watu wenye akili wanafanya jambo linaloharibu mpango wenu mzuri, uchunguzeni mpango kwanza. Mimi ilinichukua siku nne na tangazo moja.

Siku ya kuniaga, Mama Zaina alinipa kitunga kimoja cha zamani kati ya vile vya Nyangwe, namba ikiwa imefutika kabisa. Ndani kulikuwa na kuku, limau, na ile kle ya kumi na saba iliyochakaa zaidi. Nilishukuru, nikaenda nyumbani, na ndipo nikaelewa alichonifanyia. Kitunga hakirudi kitupu. Nimekaa nacho majuma matatu hapa mezani nikitafuta cha kukiwekea. Kuku sina wa kumtoa. Hekima, nimeitafuta, na iliyopo ni ya Musafiri.

Basi nimeweka karatasi hizi. Mtoto wa jirani atakileta kesho asubuhi, na Mama Zaina atakagua ndani kabla ya kuwapa, kama kanuni inavyotaka. Juu ya karatasi atakuta kitu ambacho hakijawahi kuingia depo miaka yote hii, na hatahitaji jedwali langu kukielewa.

Pilipili, moja.